Kukung'uta damu ni maonyesho, kurudisha upanga alani ndiyo kazi

Ukitazama video za iaido, ile sanaa ya Kijapani ya kuchomoa upanga, utaona watazamaji wakishangilia sehemu moja. Mpiganaji akishakata, anaupunga upanga kwa mkupuo mmoja, fyuu, damu ya adui wa kufikirika iruke. Kitendo hicho huitwa chiburi. Kisha anaurudisha upanga alani taratibu, na hapo wengi huisogeza video mbele. Kwa maoni yangu, wanairuka sehemu yenye kazi na kushangilia ile isiyo na kazi.

Tuanze na hiyo chiburi. Damu na mafuta ya mwili havibanduki kwenye chuma kwa kupungwa hewani. Kung'uta kisu ulichokatia nyama ya mafuta uone kama kitatakata. Samurai asiyetaka upanga wake ule kutu aliufuta kwa kitambaa, au kwa karatasi aliyoitia kifuani ndani ya kimono. Kuuchomeka na majimaji yake ndani ya ala ya mti ni kuviharibu vyote viwili. Ukiuliza chiburi ni ya nini utapewa majibu mengi, mengine ya kiroho sana. Mimi naona inampa mwanafunzi kituo: pigo limekwisha, mwili bado uko macho. Hilo linatosha, ila tusiliite usafi.

Sasa tazama huko kurudisha, kunakoitwa noto. Katana, upanga mrefu wa samurai, huchomekwa kwenye mkanda upande wa kushoto, makali yakielekea juu. Mkono wa kushoto unashika mdomo wa ala, gumba na kidole cha shahada vikiubana. Mgongo wa upanga, ule upande butu, unaegemezwa papo hapo kwenye vidole. Mkono wa kulia unauvuta upanga kwenda mbele, wa kushoto unaivuta ala kurudi nyuma, mpaka ncha inadumbukia kwenye tundu. Muda wote huo macho hayaangalii mkono. Yako kwa yule aliyeanguka, maana huenda hajafa, na huenda hakuja peke yake. Vidole vinatafuta tundu kwa kupapasa ili macho yabaki huru. Anayefanya pupa hapo anajichana kiganja, na wapo wenye miaka mingi ya mazoezi walio na kovu la kushuhudia.

Kuchomoa nako kuna jambo dogo ambalo kamera hailioni. Kwenye shina la upanga kuna kipande cha shaba, habaki, kinachobana ndani ya mdomo wa ala ili upanga usichopoke mtu akiinama au akikimbia. Kwa hiyo kabla ya lolote lazima gumba la kushoto lisukume tsuba, lile bamba linalokinga mkono, mpaka habaki iachie. Gumba huwekwa kando kidogo, maana ukiliweka katikati juu, makali yanatokeza chini yake. Gumba hilohilo hukaa juu ya tsuba mtu anapopita kwenye umati, mwingine asije akauchomoa upanga wake. Halafu kuna urefu: upanga wenyewe unazidi sentimita 60, na mkono wa kulia peke yake haufiki. Ndiyo maana ala inavutwa nyuma na nyonga inageuka. Ukiona mwanafunzi amekwama katikati, mara nyingi mkono wa kushoto umelala.

Kuna kundi jingine la mienendo ambalo haliingii akilini hadi umfikirie mtu aliyevaa deraya. Kwa nini upanga ushikwe wima kando ya kichwa, karibu na bega, badala ya kuinuliwa juu ya utosi? Kwa sababu kofia za chuma za vita zilikuwa na mapembe na mapambo mbele. Kwa nini kukata chini ya kifundo cha mkono, kwapani, shingoni, ndani ya paja? Kwa sababu huko ndiko deraya ilikoacha nafasi. Katori Shinto-ryu, shule iliyoanzishwa na Iizasa Ienao karne ya 15 karibu na hekalu la Katori, katika mkoa wa sasa wa Chiba, bado inafundisha kata za namna hiyo, yaani mazoezi ya mienendo iliyopangwa hatua kwa hatua. Ni ndefu na zinakata pumzi, na panga za mti zinagongana mfululizo. Mgeni anadhani wawili hao wanazuiana. Otake Risuke, aliyeifundisha shule hiyo kwa miongo kadhaa, alieleza hadharani kwamba mapigo mengi kati ya hayo yamelengwa mwilini. Mwenzako anayapokea kwa mti ili zoezi liendelee, na ili anayechungulia asiibe siri. Huo ndio ufundi ninaouvulia kofia.

Sikubaliani, hata hivyo, na wanaodai kila kitendo kimetoka vitani. Kata nyingi za iaido huanza mtu akiwa amepiga magoti, upanga mrefu kiunoni. Samurai hakukaa hivyo nyumbani kwa watu. Upanga mrefu aliuvua akiingia, akibaki na mfupi, na akikaa nao aliuweka ubavuni kulia, ambako kuuchomoa ni taabu, iwe ishara ya amani. Kata hizo zilishamiri enzi za Edo, nchi ikiwa imetulia baada ya kuanguka kwa ngome ya Osaka mwaka 1615. Mwaka 1876 serikali ilipiga marufuku kuvaa upanga hadharani, na kata za pamoja za shirikisho la kendo, mchezo wa Kijapani wa kupigana kwa upanga, zilianza kuwa 7 mwaka 1969, leo ziko 12. Hakuna aliyezitunga hizo akitarajia kuvamiwa njiani.

Je, kupiga magoti hakuna faida? Ipo. Miguu ikifungwa hivyo, upanga hautoki bila nyonga kufanya kazi, na bega lililozoea kulazimisha linaumbuka mara moja. Mwalimu akiniambia hivyo namwelewa. Akianza hadithi ya adui aliyeingia ukumbini wakati wa chai, namuuliza upanga mrefu ulifikaje kiunoni mwake.