Jack Bauer na kijana wa Mwanjelwa

Nimeiangalia zaidi ya mara kumi, na kila nikifika pale risasi inapolia, moyo wangu unafurahi. Nimechoka kujisingizia kwamba haufurahi.

Ni episodi ya kwanza ya sizoni ya pili ya "24", tamthilia ya Kimarekani ya kwenye televisheni. Marekani ilirushwa tarehe 29 Oktoba 2002. Mbeya ilitufikia kwa kuchelewa, sizoni nzima imebanwa kwenye DVD moja, na mimi niliionea kibanda cha video kule Ilomba mwaka 2006, ule mwaka wa mgao. Tulikaa kwenye mabenchi tumebanana, masweta mwilini, mikono katikati ya mapaja kwa baridi. Umeme ukikatika mwenye kibanda anaenda kuhangaika na jenereta, ukirudi tunaanza mwanzo. Ndiyo maana nusu saa ile ya kwanza naijua kama sala.

Kwa ambao hamkuiona: kila sizoni ni siku moja, saa 24, na kila episodi ni saa moja ya siku hiyo. Saa ya tarakimu za manjano inakatiza hadithi, sekunde zinadunda kama mtu anayegonga mlango, kisha kioo kinagawanyika. Pembe hii Rais David Palmer yuko ziwani Oregon na mwanawe, wanavua samaki, maji yametulia kabisa. Pembe ile Jack Bauer, staringi wetu, afisa wa kupambana na magaidi, ndevu zimemwota, mkewe aliuawa mwisho wa sizoni iliyotangulia na kazi ameiacha. Pembe nyingine simu inaita. Hakuna anayeongea, lakini wewe uliyeketi kwenye benchi unaona wote watatu kwa pamoja na unajua kinachowafuata: bomu la nyuklia liko Los Angeles na litalipuka siku hiyohiyo. Sijaona tena hofu ikipangwa kwa ustadi ule. Na Palmer, jamani! Rais mweusi wa Marekani, miaka kadhaa kabla ya Obama kushinda, mpole, mwenye sauti nzito. Pale kibandani alikuwa rais wetu.

Basi Bauer anaitwa ofisini. Kuna kundi linalohusika na bomu, na njia ya kuliingia ni kupitia kwa mtu anayeitwa Joseph Wald. Bauer anaomba aletewe shahidi wa serikali dhidi ya Wald, mtu anayeitwa Marshall Goren. Analetwa, anakalishwa. Bauer anamsomea mashtaka yake kwa sauti ya chini: utekaji wa watoto, picha chafu za watoto, mauaji. Kisha anachomoa bastola na kumpiga risasi palepale alipokaa. Mkuu wake anapagawa. Bauer anamwambia kwamba tatizo la watu kama yeye ni kutaka matokeo bila kuchafua mikono, halafu anaagiza msumeno. Wa kukatia kichwa, akampelekee Wald.

Kibanda kizima kilisimama. Tulipiga makofi, tukapiga mluzi, mtu akapiga bati kwa kiganja. Staringi karudi! Nilipiga makofi mpaka viganja vikapata joto.

Mwaka huohuo, Novemba, jenerali Patrick Finnegan wa chuo cha jeshi cha West Point alisafiri hadi California kuwaona watengenezaji wa "24", akiwa na watu waliowahi kuhoji mateka kwa kazi. Aliwaomba wapunguze mateso, kwa sababu wanajeshi vijana walikuwa wanaiangalia na kuamini ndivyo ukweli unavyopatikana. Baraza moja la wazazi lilihesabu matukio 67 ya mateso katika sizoni tano za mwanzo. Na hii episodi ninayoipenda inaanza na mateso: chumba huko Seoul, mtu anapigwa sindano, anapiga kelele, halafu anasema. Anasema ukweli, tena haraka, na waliokuwa wanangoja chumba cha pili wanaletewa jibu.

Hapo ndipo napata shida, na shida yangu haiko Seoul. Iko Mwanjelwa, sokoni Mbeya.

Kabla sijaijua "24" niliwahi kutumwa sokoni kununua viazi. Nikiwa napimiwa, ikasikika ile sauti: "Mwizi!" Kijana mmoja, labda miaka 19, alikuwa anakimbia kati ya meza, akajikwaa kwenye gunia, viazi vikamwagika, wakamdaka. Sikuwaona waliomshika kwanza, niliona mgongo wa watu tu, mgongo juu ya mgongo. Nakumbuka kandambili yake ya bluu, kamba imekatika, imebaki peke yake katikati ya viazi. Mama aliyekuwa ananipimia hakuacha kupima. Alisema, "Wamezidi hawa," akanifungia mfuko. Mimi nikalipa, nikapokea chenji, nikaihesabu.

Kuna waliosema kaiba simu. Kuna waliosema pochi ya mama mmoja. Mwingine akasema siyo yeye, aliyeiba alivaa shati jekundu. Gari la polisi lilipofika alikuwa hanyanyuki. Mpaka leo sijui kama aliiba, sijui kama alipona, na wale waliompiga hawajui pia. Taarifa za matukio kama lile huwa na maneno yaleyale, "wananchi wenye hasira kali", kana kwamba hasira ndiyo hati ya mashtaka. Katiba yetu, ibara ya 13(6), inakataza kumtendea mtu kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa na hatia, na inakataza kumtesa. Hakuna aliyeisoma pale sokoni. Mimi mwenyewe nilisimama na mfuko wangu.

Siku ile hakukuwa na wa kutusomea mashtaka. Goren tunamjua: mwandishi ametupa faili lote, na neno la mwandishi ndani ya hadithi ni la mwisho. Bauer hawezi kumpiga asiyehusika kwa sababu waliomtunga wameshamhakikishia. Saa inadunda, kioo kinagawanyika, muziki unapanda, na katika uzuri huo wote swali moja dogo linatolewa chumbani bila sisi kuona: umejuaje? Bila swali hilo, makofi ni rahisi. Nilipiga makofi Ilomba na kandambili ile ya bluu haikunijia kichwani hata kidogo, ingawa kutoka Ilomba kwenda Mwanjelwa siyo mbali.

Wapo rafiki zangu wanaosema ukishaona ubaya wa kitu, kiache. Siwezi, na nadhani ningekuwa nadanganya. Kazi ile imefanywa na mafundi, na fundi mzuri haachi kuwa fundi kwa sababu nyumba aliyoijenga inanitisha. Ninachokataa ni kuambiwa "ni filamu tu". Kitu kinachoweza kunisimamisha kwenye benchi nipige makofi mtu aliyekalishwa kitini akipigwa risasi siyo "tu".

Juzi mpwa wangu alikuja likizo kutoka Iringa, yuko kidato cha nne. Nikamwekea. Alishangaa kioo kilivyogawanyika, akanyamaza kwa ziwa la Palmer, na risasi ilipolia akarusha ngumi juu. "Safi!" Nikasimamisha picha. Nikamsimulia ya Mwanjelwa, viazi, kandambili, mama aliyeendelea kupima.

Akafikiri. "Lakini mjomba, huyu si alikuwa na makosa kweli? Wamesoma hapo."

"Huyu ndiyo."

"Na yule wa sokoni?"

"Sijui."

Alikaa anaangalia kioo, Bauer amegandia hapo na bastola yake. Kisha akauliza kama msumeno aliletewa kweli. Nikamwambia aendelee aone. Tuliangalia mpaka episodi ya tano, saa nane za usiku, tumejifunika blanketi moja.