Taulo lilikuwepo

Kabla sijaenda mbali: sikuwa uchi. Taulo lilikuwepo. Lilikuwa wapi, hilo nitalifikia, lakini yule rafiki yangu fundi simu aliyeweka stetasi kwamba "jamaa kadakwa koridoni kama alivyozaliwa" amewapa habari nusu. Na hata hakuwepo. Kasimuliwa na bodaboda, bodaboda kasimuliwa na muuza vitumbua, na muuza vitumbua ni Mtuhumiwa Namba Tatu. Maneno yake mtayachukuaje?

Sasa nisikilizeni mimi mwenyewe. Ni juzi tu, kiwiko bado kinauma.

Shangazi yangu anakaa Kibaha, ila ana nyumba ya kupangisha Mbagala. Vyumba nane, korido katikati, bafu na choo uani, mita moja ya LUKU ukutani pale mlango mkubwa. Kila chumba kinampa elfu nane za umeme kwa mwezi, yeye ananunua akiwa hukohuko na kuwatumia zile tarakimu 20 waingize kwenye mita. Hesabu yake anaijua kama sala: elfu kumi, yuniti 28, siku tano. Mwezi wa sita hesabu ikakataa. Elfu kumi haimalizi siku ya tatu. Akipiga simu kuuliza, nyumba nzima inamjibu kama kwaya: "Hata sisi tunashangaa, mama."

"Kuna mtu ana hita humo ndani," akaniambia. "Na wale wanalindana. Wanakula pamoja, wanaugua pamoja, ukimsema mmoja wananuna wote. Chumba cha nane kiko wazi. Ingia kama mpangaji, usiseme wewe ni nani. Nitakulipa."

Mimi nina tatizo moja. Ukinipa siri, najiona nimeajiriwa serikalini. Siku hiyohiyo nikanunua daftari. Rafiki yangu (huyohuyo msaliti) akaniazima bisibisi na simu mbovu mbili ili nijifanye fundi. Nikahamia na godoro, ndoo na jina la uongo.

Jina la uongo lilidumu kama dakika nne, maana Mama Sabrina wa chumba cha kwanza aliniangalia usoni, akaniangalia pua, akasema, "Karibu baba, mbona kama sura yako naifahamu?" Nikasema nina sura ya kawaida. Akasema, "Haya." Ile "haya" ningeisikiliza vizuri, leo nisingekuwa naandika hapa.

Usiku wa kwanza nikapanga watuhumiwa, kuanzia anayetia shaka zaidi. Namba Moja, Dada Zai, kwa sababu ana saluni na mtu wa saluni hashindwi kuwa na vifaa vya umeme. Namba Mbili, wanachuo wawili, nimewahesabu kama mmoja kwa sababu wanavaa nguo zilezile. Namba Tatu, Mama Sabrina. Namba Nne, Baba Junior wa bodaboda, anaoga mara tatu kwa siku, kwa nini? Namba Tano, Anko Mlinzi, anayelinda usiku na kurudi alfajiri. Namba Sita, fundi cherehani, ana pasi. Namba Saba, Bi Mkubwa, mjane wa makamo, hapati usingizi. Nilimweka mwisho kwa heshima ya umri tu.

Kila saa tano usiku nikawa namtumia shangazi ripoti ya sauti. Nanong'ona. "Ripoti ya siku ya nne. Mtuhumiwa Namba Tatu ameamka saa tisa, anadai anakoroga unga. Mtuhumiwa Namba Saba anakohoa kila nikizungumza. Mwisho wa ripoti." Nilikuwa na fahari nayo, sikufichi.

Sasa, wale mliokulia nyumba za kupanga mmeshaanza kucheka, nawaona. Ndiyo. Nyumba haina dari. Kuta za vyumba zinaishia njiani, juu ni mbao na bati, hewa moja tangu chumba cha kwanza hadi cha nane. Mtu akifungua pakiti ya biskuti chumba cha pili, cha saba wanajua ni za nazi. Na mimi nililala mle majuma mawili, nikisikia Junior anavyokariri jedwali la saba, nikisikia Anko anavyovua viatu, na sikuwahi kujiuliza wao wanasikia nini.

Ishara zilikuwepo. Siku ya tano nikasikia Dada Zai uani: "Namba Tatu, niazime chumvi." Mama Sabrina akaitika. Nikadhani ni namba za vyumba. Lakini Mama Sabrina anakaa chumba cha kwanza! Mnajua niliandika nini kwenye daftari? Ninalo hapa. Nimeandika, "Wapangaji hawajui kuhesabu."

Mimi wakaniita Namba Nane. Na chumba changu kilikuwa cha nane kweli, kwa hiyo niliitika bila wasiwasi.

Siku ya sita Mama Sabrina akapita kukusanya elfu mbilimbili. "Mchango wa kitu cha nyumba, baba." Nikatoa. Nikaandika, "Gharama za upelelezi: 2,000," nikamwomba shangazi arudishe. Karudisha.

Ili nishinde nyumbani nichunguze, nikajifanya nina homa. Hapo ndipo nilipokosea kabisa, kwa sababu wale watu hawana mchezo na mgonjwa. Uji asubuhi. Malimao. Bi Mkubwa akanipaka mafuta ya mwarobaini mgongoni bila kuniuliza. Na kila alfajiri, saa kumi na moja, mlango unagongwa: "Namba Nane, maji yako yako bafuni." Naenda, naoga, maji ya uvuguvugu safi kabisa, narudi kitandani. Na baridi ya Julai ya Dar, ambayo watu wa Makete mngeoga nayo mkiimba, mimi ilikuwa inanitetemesha, kwa hiyo nilishukuru.

Mtauliza: we mpelelezi wa hita, hukujiuliza maji yana joto la nini? Nilijiuliza. Nikajijibu: tangi jeusi juu ya paa, linapigwa jua.

Saa kumi na moja alfajiri.

Jua.

Endeleeni kucheka, nasubiri.

Haya. Usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne nikaamua kutumia sayansi. Mita ile ina taa nyekundu inayokonyeza, na imeandikwa kabisa kwamba mikonyezo 1,000 ni yuniti moja. Nyumba ikilala, friji moja na taa ya uani, nahesabu mpaka 20 na ushee ndipo inakonyeza. Nikavaa taulo kiunoni ili nikikutwa niseme naenda kuoga, nikaketi gizani karibu na mita, simu mkononi. Taulo tu. Sikuona haja ya kingine, nilikuwa kazini.

Saa kumi na nusu taa ikabadilika. Moja, mbili, ikakonyeza. Moja, mbili, ikakonyeza. Kama mtu anayenichokoza. Moyo ukanipiga, nikasimama, nikanyata.

Na hapa niende polepole, kwa sababu ndipo nilipoachiwa jeraha.

Koridoni, nje ya mlango wa Dada Zai, kulikuwa na ndoo ya lita 20. Ya bluu. Juu yake umelazwa mwiko wa ugali, na kwenye mwiko imening'inizwa hita ya koili, imezama majini mpaka shingoni. Waya umetambaa sakafuni, umepita chini ya mlango, umeingia ndani kwenye ekstensheni. Kijimvuke kinapanda. Nilisimama pale nikaona shangazi ananipongeza. Nikapiga picha, flashi ikawaka, sikujali. Nikapiga ya pili kwa karibu.

Kisha sauti ikaniambia: shangazi atasema maji ni ya baridi, hita imewekwa tu. Lazima uthibitishe.

Sijui ile sauti ilitoka wapi. Naitafuta mpaka leo.

Nikachuchumaa. Peku, sakafu ya saruji ina umande wa ndoo. Nikanyoosha kidole cha shahada, taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi kwa jirani. Nakumbuka niliona kivuli cha kidole juu ya maji. Nakumbuka niliwaza, "Kumbe haya maji yameshapata, huyu mtu anaoga ya moto sana." Kidole kikagusa.

Wadogo zangu, hita ikiwa inawaka, maji hayaguswi. Unachomoa kwanza. Mtoto wa darasa la tatu anajua.

Mkono haukuwa wangu tena. Meno yaligongana mara moja, kwa nguvu, kama mlango wa daladala. Nilitaka kusema "Mungu wangu", nikatoa kitu kama mbuzi anayevutwa. Mguu ukarusha ndoo, kiwiko kikapiga ukuta, hita ikaruka na mwiko wake, maji yakamwagika, yakatiririka chini ya mlango wa Dada Zai moja kwa moja mpaka kwenye ekstensheni. Ndani pakalia paa! Giza. Friji ikanyamaza. Mbagala yote ikawa kimya, au masikio ndiyo yalikufa.

Taulo lilikuwa limetoka. Nikalipapasa majini, nikalipata.

Sekunde hiyohiyo mlango mkubwa ukafunguliwa. Anko Mlinzi anarudi kutoka kazini. Rungu mkono wa kulia, tochi wa kushoto. Mwanga ukapita kwenye ndoo, ukapita kwenye mwiko, ukanipanda mimi kuanzia miguuni.

"MWIZI!"

Kwa wasio wa hapa: hilo neno, saa hiyo, mitaa hii, halikupi muda wa kujieleza. Milango yote ikafunguka. Nikaona rungu linapanda. Nilikuwa na taulo moja na sehemu mbili za kulinda, na nikachagua kichwa. Nikalizungusha kichwani mara mbili, lilikuwa limelowa, zito, nikaona litapunguza kishindo.

Kwa hiyo narudia: taulo lilikuwepo.

Na nikapiga kelele, kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia, "MSINIUE! MIMI MTOTO WA KAKA YAKE MAMA MWENYE NYUMBA! NIMETUMWA! MIMI MPELELEZI!"

Kimya.

Maji yanadondoka kwenye taulo, tone, tone.

Kisha sauti ya Bi Mkubwa kutoka gizani, bila haraka yoyote: "Tunajua, mwanangu. Geukia ukutani kwanza, kuna watoto."

Nikageukia ukutani.

"Tokea siku ya kwanza tunajua," akadakia Mama Sabrina. "Pua hiyo ya nani?"

"Na ripoti tunazisikiliza," Baba Junior akasema. "Jana ulikatisha, mtandao ulisumbua?"

Mwanachuo mmoja akauliza kwa nini wao ni watuhumiwa wawili ila wamepewa namba moja. Alionekana ameumia kweli.

Nikauliza, nikiwa bado nimeutazama ukuta, basi hita ni ya nani? Nilidhani angalau hilo nitalipata. Dada Zai akasema, "Ya nyumba. Tulinunua mwezi wa sita kwa mchango, ile ya kwanza ikaungua, hii ya pili umechangia na wewe. Elfu mbili yako si ulitoa?" Nikanyamaza. "Na hiyo ndoo uliyomwaga ilikuwa yako. Tangu useme una homa tunaanza na wewe."

Hayo ndiyo yaliyoniuma. Rungu ningelivumilia.

Mengine nayakimbiza. Mjumbe alikuja, akacheka, akaondoka. Wanachuo wakawasha umeme, ekstensheni imekufa, nadaiwa. Kidole kizima. Shangazi alifika saa nne asubuhi akiwa amejaa, akanikuta nakunywa chai kwa watuhumiwa, akanitukana mimi kabla yao. Akapiga hesabu palepale uani: ndoo moja ya moto karibu yuniti nzima, yuniti moja shilingi 350 na kitu, mara vyumba nane. Akasema kuanzia Agosti kila chumba elfu kumi na mbili. Wakasema tisa. Wakafika kumi na moja. Hita akaitwaa, akaitia kwenye mkoba wake, akafunga zipu mbele ya wote. Mimi malipo yangu hajayataja na mimi sijathubutu kukumbusha.

Halafu mvua ikanyesha, usafiri ukawa wa tabu, akaamua kulala. Wakampa kitanda cha Bi Mkubwa.

Jana saa kumi na moja alfajiri nikasikia anaamka, anavuta ndala kuelekea uani, anatia mkono kwenye maji. Akatoa mguno. Nyumba nzima ilikuwa macho, nawaambia, hakuna aliyepumua.

"Jamani," akasema. "Humu hamna maji ya moto?"

Hakuna aliyejibu. Kisha zipu ya mkoba ikalia, polepole, ikasikika vyumba vyote nane, na Bi Mkubwa akakohoa.

"Namba Nane," akaniita shangazi yangu wa damu. "Njoo uchomeke."

Nikaenda. Nilivaa suruali.