Panga limeanzia mikoani

Barua ya kupunguzwa kazi ilimkuta rafiki yangu katikati ya maji, ndani ya kivuko cha Kamanga, akitoka Sengerema kuandika habari za vizimba vya samaki. Ilikuja kwa WhatsApp. Akaisoma, akarudisha simu mfukoni, na kivuko kilipotia gati upande wa Mwanza akaenda kumalizia stori yake akaituma. Kesho yake ikatoka. Malipo yake mpaka leo hajayaona.

Barua ilisema kampuni ya gazeti lake imefikia uamuzi huo "kutokana na ushindani katika soko la matangazo". Hapo sibishi, ni kweli tupu.

Wengi hudhani gazeti linaishi kwa ile bei ya nakala pale mezani kwa muuza magazeti, ambako nusu yetu tunasoma vichwa vya habari bila kununua na kubishana mpaka jua linawaka. Wapi! Mishahara ilitoka kwenye zabuni za halmashauri, nafasi za kazi, minada ya benki, tanzia na zile kumbukumbu zenye picha ya marehemu. Sasa zabuni za serikali zinapita kwenye mfumo wa NeST ulioanza 2023, na anayetafuta ajira serikalini anafungua Ajira Portal, hanunui gazeti. Hata matangazo yaliyobaki, kuchapwa si kulipwa: taasisi za umma zimedaiwa na vyombo vya habari kwa miaka.

Watu binafsi nao wamehama. Mwenye gesti mmoja wa Nyegezi alikuwa akilipia tangazo dogo gazetini kila Desemba, watu wanaporudi nyumbani kula sikukuu. Siku hizi anampa mpwa wake elfu ishirini abusti picha za vyumba Instagram, na jioni anaonyeshwa zimetazamwa na wangapi, wa Shinyanga wangapi, wa Geita wangapi. Gazeti halikuwahi kumwambia hata mmoja. Nimlaumu vipi?

Wenzetu Marekani walianza kuumwa ugonjwa huu mapema, tangu matangazo madogo madogo yalipohamia kwenye tovuti kama Craigslist, iliyoanza 1995. Magazeti yao yalikuwa na wafanyakazi wa habari kama 71,000 mwaka 2008. Kufikia 2020 walibaki kama 31,000.

Ninachogombana nacho ni panga linapoanzia. Makao makuu yako Dar es Salaam, na anayeshika kalamu ya kukata majina anamwona ripota wa dawati la hapo kila asubuhi, wanasalimiana kwenye ngazi. Wa Mwanza anamwona kwenye karatasi ya madai ya nauli. Kwa hiyo anakatwa wa Mwanza, wa Bukoba, wa Musoma, huku wakibaki watu wanne wa kuandika hotuba ya waziri ambayo mimi nimeshaisikiliza nzima kwenye simu kabla hawajafika ofisini. Yaani duka limeishiwa mtaji, mwenye duka anatupa bidhaa ambayo jirani hana.

Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipozama kikikaribia gati ya Bwisya kisiwani Ukara, wilayani Ukerewe, na kuua zaidi ya watu 220, nchi nzima ilitaka kujua. Siku ya namna hiyo kila mhariri hukumbuka kuwa ana mtu kanda ya ziwa. Lakini kazi ya mtu huyo hasa ni ya siku ambazo hakuna kilichotokea: kupanda kivuko siku ya gulio, kuhesabu magunia na vichwa, kuuliza injini ilifanyiwa matengenezo lini na nani alisaini. Stori hiyo inakula siku 3 na nauli ya boti, na ikifanya kazi yake vizuri hakuna msiba wa kupigwa picha. Nani atailipia tangazo?

Waandishi hatujapungukiwa. Chuo kikuu cha SAUT kiko hapo Malimbe kinafundisha uandishi wa habari kila mwaka. Tatizo ni nauli. Ofisi isipoitoa, inatolewa na mwenye semina, na ukishapanda gari la mwenye semina unajua utaandika nini. Nimepanda magari hayo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Na mimi si msafi. Miaka kadhaa sasa nina ukurasa wangu wa mtandaoni, na wapo wafanyabiashara wa hapa mjini wanaonilipa niwatangazie. Fedha hiyo zamani ingeenda gazetini. Sijawahi kuitumia hata senti kumpeleka mtu Ukerewe.

Rafiki yangu yuko Mwaloni sasa, Kirumba, anauza dagaa kwa jumla. Simu yake bado inapigwa na wavuvi, maana namba yake wanayo na ya mwingine hawana. Juzi walimpigia kutoka Igombe, kuna jambo linahusu nyavu zilizokamatwa na zilivyorudi tena majini. Akaniuliza, nikilifuatilia, kwenye ukurasa wako utanilipa ngapi? Nikafikiri kidogo, nikamwambia elfu tano.

Alicheka sana. Kisha akaniomba nimsaidie kushika ncha ya gunia.