Mwalimu wa Hisabati Anayesita Mbele ya Skrini Ana Hoja

Mjadala kuhusu teknolojia katika somo la hisabati kwenye shule za sekondari una wahusika wawili ambao hukumu yao huwa imekwisha kutolewa kabla hawajasema lolote. Yupo mwenye programu mpya, ambaye hupewa jukwaa la kueleza matumaini yake, na yupo mwalimu anayetaka wanafunzi watangulize kalamu na karatasi, ambaye kusita kwake huelezwa na watu wengine kwa niaba yake, na mara nyingi huelezwa kuwa ni woga, uvivu wa kujifunza au mazoea ya utu uzima. Katika mipango ya utekelezaji mwalimu huyu huorodheshwa chini ya kichwa cha "vikwazo", pamoja na umeme unaokatika na intaneti dhaifu. Nadhani hoja yake ni nzito kuliko inavyochukuliwa, ingawa si kila anachokisema kinasimama.

Historia haimuungi mkono katika kila jambo, na ni haki kuanzia hapo. Kampuni ya Hewlett-Packard ilipoingiza sokoni kikokotoo cha kisayansi cha mfukoni, HP-35, mwaka 1972, rula ya kukokotolea na majedwali ya logarithimu yalianza safari ya kutoka madarasani, na mwaka 1980 baraza la walimu wa hisabati la Marekani, NCTM, likapendekeza vikokotoo vitumike katika ngazi zote za shule. Wapinzani walitabiri kizazi kisichoweza kuzidisha. Mwaka 2003 mtafiti Aimee Ellington alijumuisha matokeo ya tafiti 54 zilizokuwa zimefanyika juu ya jambo hilo. Pale vikokotoo vilipotumika katika kufundisha na pia katika kupima, stadi za wanafunzi za kukokotoa na za kutatua maswali ziliimarika. Pale vilipotumika darasani lakini vikazuiwa katika mtihani, stadi hizo hazikudhurika. Utabiri ule haukutimia, na watetezi wa teknolojia hawaachi kutukumbusha.

Wasichotukumbusha ni sababu ya kutotimia kwake. Kikokotoo cha namna ile hakilijui swali. Mwanafunzi aliyepewa pembetatu mraba yenye pembe moja na urefu wa upande mmoja hawezi kukiuliza kama atumie sini, kosini au tanjenti. Kinamsubiri aamue mwenyewe, kisha kinampunguzia kazi ya kutafuta tarakimu. Hata kikokotoo cha grafu, ambacho kinaonekana kufanya mengi zaidi, kinamdai mtumiaji fikra: grafu ya y = x² + 30 haionekani kabisa kwenye skrini iliyopangwa kuonyesha kuanzia −10 hadi 10 kwa kila mhimili, na asiyeelewa ni kwa nini atadhani mashine imeharibika. Kwa hiyo kilichoondoka mwaka 1972 ni jasho la mkono, ilhali uamuzi ulibaki palepale ulipokuwa, kichwani mwa mwanafunzi.

Zana zilizofuata ni za jinsi nyingine. Programu ya Photomath, iliyotoka mwaka 2014, ilimwezesha mwanafunzi kuelekeza kamera ya simu kwenye mlinganyo na kupata jibu pamoja na hatua zake. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 programu za akili mnemba zimekwenda mbali zaidi: zinasoma swali la maneno matupu, zinatambua mada yake, zinachagua njia na kuandika ufumbuzi kwa lugha safi. Mwanafunzi amebakiwa na kazi ya kunakili. Anayesema kwamba hofu ya leo ni marudio ya hofu ya vikokotoo anaruka tofauti hii, na ni tofauti inayobeba mjadala mzima.

Utafiti ambao ningetamani kila mtetezi wa programu hizi ausome hadi ukurasa wa mwisho ulifanyika mwaka 2023 katika shule ya sekondari nchini Uturuki, ukiwahusisha wanafunzi karibu elfu moja, na miongoni mwa waliouendesha ni Hamsa Bastani wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Kulikuwa na vipindi vinne vya dakika 90. Katika kila kipindi mwalimu alipitia mada, wanafunzi wakafanya mazoezi, kisha wakafanya mtihani bila kitabu wala kifaa. Wakati wa mazoezi, kundi la kwanza lilikuwa na vitabu na madaftari tu. La pili lilikuwa na programu ya akili mnemba ya kawaida. La tatu lilikuwa na programu iyo hiyo, lakini imewekewa masharti kwa msaada wa walimu ili itoe vidokezo na isimkabidhi mwanafunzi jibu. Katika mazoezi, kundi la pili lililishinda la kwanza kwa asilimia 48, na la tatu kwa asilimia 127. Ulipofika mtihani, kundi la pili lilipata alama pungufu kwa asilimia 17 kuliko wale ambao hawakuwahi kuiona programu yoyote. Kundi la tatu lilikuwa takriban sawa na wenye madaftari.

Inafaa kuzikalia takwimu hizi kidogo, kwa sababu hunukuliwa vipandevipande. Asilimia 48 ya kupanda na asilimia 17 ya kushuka ni za wanafunzi walewale, katika vipindi vilevile. Kama mtu angeingia darasani wakati wa mazoezi, awe mkaguzi, mzazi au mfadhili wa mradi, angeona madaftari yaliyojaa majibu sahihi na nyuso zilizotulia, na angeandika ripoti nzuri bila kusema uongo wowote. Wanafunzi wenyewe hawakujua. Walipoulizwa, wale waliotumia programu ya kawaida hawakuona kwamba walikuwa wamejifunza pungufu. Hapa ndipo penye kiini cha wasiwasi wa mwalimu anayesita, na sijaona ukielezwa vizuri. Haogopi kwamba chombo kitashindwa kazi. Anaogopa kwamba kitafanikiwa mbele ya macho ya watu wote, kwa kipimo ambacho kimeacha kupima kujifunza, na kwamba yeye ndiye atakayeulizwa siku ya mtihani.

Ile asilimia 127 nayo ina mafunzo yake. Hutajwa kama ushindi wa programu iliyoundwa kwa uangalifu, na kwa kiasi ni ushindi, maana masharti yaliyowekwa yalizuia madhara. Lakini mazoezi yaliyofanywa vizuri kwa zaidi ya mara mbili hayakuacha faida yoyote ya kuonekana pale msaada ulipoondolewa. Juhudi zote zile za kuunda vidokezo ziliwafikisha wanafunzi mahali ambapo wenzao walifikishwa na daftari.

Mtetezi atajibu kwamba vipindi vinne ni vichache mno, na ana haki. Atajibu pia kwamba programu ya mwaka 2023 ilikosea mara nyingi, na kwamba za sasa zinakosea kidogo. Hapo simfuati. Programu inayokosea inamlazimisha mwanafunzi makini kukagua hatua kwa hatua. Isiyokosea inamwondolea hata sababu hiyo ya mwisho ya kufikiri.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa, na hisabati ya sekondari ni uundaji mtupu. Mwanafunzi anayetafuta vigawo vya x² − 5x + 6 anatafuta namba mbili ambazo zikizidishwa zinatoa 6 na zikijumlishwa zinatoa −5. Anajaribu −1 na −6, zinakataa. Anajaribu 2 na 3, alama zinakataa. Anafika −2 na −3. Jibu, (x − 2)(x − 3), halionyeshi chochote kati ya hayo, ilhali majaribio yaliyokataliwa ndiyo yaliyomfundisha jinsi jumla na zao la namba mbili vinavyohusiana na umbo la mlinganyo. Miaka miwili baadaye ataulizwa sehemu (x² − 5x + 6)/(x − 2) inakaribia thamani gani x inapokaribia 2. Aliyekwisha kuhangaika atamwona (x − 2) amejificha juu ya mstari, atamfuta na kupata −1. Aliyepewa majibu ataona sifuri juu, sifuri chini, na giza.

Pamoja na haya, kuna matumizi ya teknolojia ambayo mwalimu anayesita akiyakataa anajinyima mwenyewe. Programu ya GeoGebra ya kuchorea grafu na maumbo, ambayo Markus Hohenwarter aliianza mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Salzburg nchini Austria, inamruhusu mwanafunzi kuandika y = x² + bx + c, kisha kuibadilisha b kwa kuburuta kitelezi. Waulize wanafunzi kwanza grafu itakwenda wapi. Wengi watasema itasogea kushoto au kulia, kwa kuwa tayari wanajua kwamba c huipandisha na kuishusha. Kumbe haifanyi hivyo tu: nukta yake ya chini kabisa inatembea kwenye mkunjo mwingine wa namna hiyohiyo (parabola) uliopinduliwa, y = c − x². Kuligundua hili kwa mkono kungehitaji grafu kumi au kumi na mbili zilizochorwa kwa usahihi, na hakuna darasa lenye muda huo. Kulithibitisha, kwa upande mwingine, ni mistari mitatu ya aljebra: nukta hiyo iko pale x = −b/2, hivyo b = −2x, na ukiiweka katika mlinganyo unapata kile ulichokiona. Hapa kompyuta imezaa swali ambalo kalamu isingelizaa, na kalamu imetoa jibu ambalo kompyuta haikulitoa.

Ushahidi bora wa upande huo ninaoujua unatokana na programu ya Cognitive Tutor ya kufundishia aljebra, iliyochunguzwa na taasisi ya utafiti ya RAND katika shule 147 za majimbo saba ya Marekani, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2014. Katika mwaka wa kwanza shule za sekondari ya juu hazikuona faida. Katika mwaka wa pili mwanafunzi wa katikati, ambaye angewazidi asilimia 50 ya wenzake, alifikia kuwazidi asilimia 58. Si muujiza, lakini katika elimu ni tofauti ya kuheshimika. Inafaa kuangalia programu hiyo ilikuwa inafanya nini: ilimdai mwanafunzi kila hatua, ikampa kidokezo alipokwama, na ilipangwa kutumika kwa takriban siku mbili za wiki, tatu zilizobaki zikiwa za mwalimu. Uamuzi haukuhamishwa. Kuhusu mwaka wa kwanza uliopita mikono mitupu, sitashangaa kama miradi mingi ya kompyuta mashuleni ilifungwa ikiwa katika mwaka huohuo.

Kuna jambo jingine linaloharibu picha ya mwalimu huyu kama mtu wa zamani, nalo ni kwamba mojawapo ya mawazo mapya yenye nguvu zaidi katika ufundishaji wa hisabati halihitaji kifaa chochote na linaegemea upande wake. Mtafiti Manu Kapur, katika kazi zake nchini Singapore, aliwapa wanafunzi wa sekondari data na kuwataka wabuni wenyewe njia ya kupima jinsi namba zinavyotawanyika, kabla hawajafundishwa mkengeuko sanifu. Karibu wote walishindwa kuipata kanuni. Walipofundishwa baadaye, waliielewa kuliko wale waliofundishwa kwanza na kufanya mazoezi baadaye, na uwezo wao wa kuitumia haukuwa pungufu. Yaani kuhangaika kwenyewe kuligeuzwa kuwa sehemu ya somo, wakati programu nyingi zinauzwa kwa ahadi ya kuondoa kuhangaika huko.

Suala la kukengeushwa nalitaja kwa kupita tu. Katika PISA ya mwaka 2022, upimaji wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, wastani wa asilimia 65 ya wanafunzi wa nchi za OECD, jumuiya ya nchi nyingi zilizoendelea, walisema vifaa huwapotezea umakini katika angalau baadhi ya vipindi vya hisabati. Ni tatizo la nidhamu ya darasa, na darasa lisilo na kifaa nalo lina madirisha.

Gumu zaidi ni mitihani. Mtihani wa SAT wa Marekani, unaotumiwa katika kuomba nafasi za vyuo vikuu, katika toleo lake la kompyuta linalotumika nchini humo tangu 2024, una kikokotoo cha grafu cha Desmos ndani yake kwa sehemu yote ya hisabati. Mtihani wa namna hiyo hauwezi tena kumpima mwanafunzi kwa kumtaka atatue 2x² − 7x + 3 = 0; lazima uulize jambo linalomtaka aamue cha kutafuta. Mitihani ikibaki ya kalamu huku mazoezi yamehamia kwenye simu, matokeo ya Uturuki yatajirudia kila muhula. Kwa sababu hiyo anayeleta programu mashuleni angetakiwa kuonyesha alama za mtihani uliofanywa bila programu, wiki kadhaa baada ya somo, zikilinganishwa na za darasa lililopewa muda uleule, kalamu na mwalimu, na apewe miaka miwili ya kufanya hivyo. Alama za mazoezi zisikubaliwe kama ushahidi. Mwalimu anayesita naye adaiwe kitu mahususi: ataje ni mada zipi anataka zipite mkononi kwanza, kwa wiki ngapi, na ni siku gani GeoGebra itafunguliwa.