Mirunda haitolewi kwa sababu Idi imekaribia

Kila nikipiga simu nyumbani, kuna anayeniuliza Waingereza wanatia nini kwenye saruji yao hata majengo yakasimama vile. Hawatii kitu. Zege la Manchester ni saruji, mchanga, kokoto na maji, na mafundi wa Dar niliofanya nao kazi hawashindwi na yeyote niliyemwona huku. Tofauti nimeikuta kwingine, na ndiyo inayonifanya niwasihi vijana wa kwetu wasome fani niliyokuja kusoma: usimamizi wa ujenzi.

Kabla ya kuja nilikuwa saidia fundi kwenye jengo la maduka. Tulimwaga jamvi, yaani sakafu ya zege, la ghorofa ya kwanza, karai mkono kwa mkono mpaka usiku. Mwenye jengo alikuwa ameshapokea kodi ya miezi sita ya fremu za chini, na wapangaji walitaka kuingiza mzigo kabla ya Idi. Siku ya kumi akaja na kuamuru mirunda iliyolishikilia jamvi kwa chini itolewe. Fundi mkuu wetu akamwambia, "Bosi, zege halijakomaa." Akajibiwa kwamba mafundi wako wengi mjini. Tukaitoa. Jamvi likabonyea katikati, ukatokea ufa wa kuingia kucha, nasi tukaupigia ripu juu. Mwiko nilishika mimi. Maduka yakafunguliwa, na chini yake watu wananunua vitenge hadi leo.

Mwaka huu niko kwenye mafunzo ya vitendo, kwenye jengo la ofisi. Wiki chache zilizopita tulikuwa nyuma ya ratiba, na msimamizi wa zege akataka kutoa mirunda Ijumaa. Huku mirunda haiguswi bila kibali kilichosainiwa na mratibu wa kazi za muda, yaani mirunda, mbao za kufungia zege, majukwaa, vyote vitakavyoondolewa jengo likisimama. Mratibu wetu ni binti mdogo kuliko mimi. Alisema majibu ya vipande vya zege vilivyopelekwa maabara kupondwa hayajafika. Meneja wa mradi, mtu wa umri wa baba yangu, akarudi ofisini kusubiri. Tulisubiri hadi Jumatatu mchana. Hakuna aliyemwambia binti yule kwamba waratibu wako wengi mjini.

Utaratibu huo hawakuzaliwa nao. Mwaka 1972 mihimili ya muda ya daraja lililokuwa likijengwa juu ya mto Loddon, karibu na Reading, iliporomoka na kuua watu watatu. Serikali ikaunda kamati, ripoti ikatoka 1975, na mwaka 1982 ukachapishwa mwongozo wa kazi za muda ambao, ukiwa umeshafanyiwa marekebisho, bado tunafundishwa darasani. Wala hawajamaliza kujifunza: jengo la makazi la Grenfell Tower liliungua London mwaka 2017, wakafa watu 72.

Sisi nasi tumezika wengi. Ijumaa Kuu ya 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 2024 ikawa Kariakoo, ghorofa nne za biashara, wakafa watu zaidi ya 20. Siwezi kusema majengo hayo yaliponzwa na mirunda. Lakini nimeona kwa macho yangu jinsi kodi ya fremu inavyoamua siku ya kazi, na jengo la biashara ndilo lenye mwenye haraka kuliko wote.

Wazazi wetu wanataka mtoto aitwe Injinia, na sibishi, mahesabu ya nguzo lazima yafanywe na mtu. Ila kuna kazi ya kupanga siku za jamvi kukomaa kabla mwenye jengo hajapokea kodi, ya kuandika kwenye mkataba nani mwenye kauli ya kusimamisha kazi na hasara ya kuchelewa ni ya nani. Kazi hiyo inasomewa. Fundi mkuu wetu alijua ukweli wote siku ile, lakini hakuwa na karatasi ya kumkinga.

Tumeongea juzi. Nilimweleza habari ya kibali, akaniomba nimwandikie kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Nilimtumia Jumapili: tarehe ya kumwaga, majibu ya maabara, saini ya mhandisi, saini ya fundi. Akanirudishia jana. Ameongeza mstari mmoja chini, kwa mkono wake: saini ya mwenye jengo.