Nani Apewe Ufunguo wa Ghala la Msimbo

Msimu wa korosho ukifunguliwa huku Mtwara, mtu anayetazamwa kuliko wote katika ghala la chama cha msingi ni yule anayesimamia mizani. Mwaka mmoja nilipanga foleni na mjomba wangu, nikamsikia akiuliza habari za mpimaji mpya. Hakuuliza kama ana haraka ya kupima. Aliuliza iwapo, alipokosea msimu uliopita, alirudi mwenyewe kusema.

Swali hilo hunijia kila mara ninapoona mradi wa programu huria, yaani programu ambayo yeyote anaweza kuisoma na kuirekebisha, ukijadili nani apandishwe kuwa msanidi wa timu kuu, yaani apewe ruhusa ya kuingiza msimbo, yaani maandishi yanayounda programu, bila kumwomba mtu. Aghalabu mjadala huanza kwa kuhesabu: fulani ameleta mabadiliko mangapi, kwa miezi mingapi. Hesabu hiyo humpendelea mwenye umeme usiokatika na mwajiri anayemlipa kwa kazi hiyohiyo, na kuhusu uaminifu wake haisemi lolote.

Mradi wa Python, lugha ya kuandikia programu, ulilazimika kulitafakari jambo hili baada ya mwanzilishi wake, Guido van Rossum, kuachia uongozi mwezi Julai 2018. Kanuni zilizotungwa baadaye zinataka mgombea apate angalau theluthi mbili ya kura za timu, katika upigaji kura unaokaa wazi kwa wiki moja, na baraza la uongozi la watu watano linaweza kumkataa. Naipenda kanuni hiyo kwa sababu kila mtu anajua nani anaamua. Inataja pia mwenendo wa kusaidia wengine, ila uzito wa mwenendo huo umeachwa mikononi mwa mpiga kura, na mpiga kura aliyechoka hukimbilia namba. Katika Apache, taasisi inayolea miradi mingi ya programu huria, kwa upande mwingine, hata anayeandika nyaraka au kujibu maswali ya watumiaji anaweza kupewa ruhusa, jambo ambalo miradi mingi midogo bado inaliona geni.

Kisha likatokea la xz, programu ya kubana mafaili inayotumika katika mifumo mingi ya Linux, mwaka 2024. Mtu aliyejiita Jia Tan alichangia kwa zaidi ya miaka miwili, huku akaunti nyingine zikimsukuma Lasse Collin, aliyekuwa akiutunza mradi huo karibu peke yake, akubali kugawana kazi. Matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka na mlango wa siri ndani yake. Aliyeugundua, Andres Freund, alianza kwa kushangaa tu kwa nini kuingia kwenye mashine kupitia SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali, kulichelewa kwa takriban nusu sekunde. Wapo waliohitimisha kwamba muda wa kungoja urefushwe. Mimi sikubaliani nao, kwani mwenye nia mbaya anaweza kungoja pia, tena kwa adabu kuliko sisi. Lililokosekana pale ni jicho la pili.

Ndiyo maana naona mgombea apimwe kwa namna anavyoipitia kazi ya wenzake na anavyopokea kukosolewa, na akishapandishwa asikabidhiwe funguo zote kwa mkupuo: kuingiza msimbo kuwe ruhusa moja, kutoa toleo kuwe nyingine.

Kikundi chetu hapa Shangani kina programu ndogo ya kujumlisha uzito wa magunia. Tulikuwa na wagombea wawili: kijana anayeandika haraka kutushinda sote, na dada ambaye siku moja alituandikia saa tano usiku kwamba marekebisho yake mwenyewe, tuliyokwisha kuyapitisha, yalikuwa yakidondosha gramu mia nne au tano katika kila gunia, na kwamba ameyaondoa. Dada huyo alipita kwa kura nne dhidi ya moja. Ufunguo wa kutoa toleo bado uko kwa mwingine, na yeye mwenyewe ndiye aliyeshauri ubaki huko.