Mzuka Lazima Ulijue Jina Lako la Utani

Riwaya za kutisha za vijana zinazorejea urafiki wa utotoni zimekuwa nyingi siku hizi, nami nazisoma kwa pupa. Nazipenda mno, ndiyo maana huniuma zinapoharibika, na nyingi huharibikia mahali pamoja. Mwandishi anapanga vizuri: likizo ndefu, baiskeli, kaseti, genge la watoto wanne au watano waliokula kiapo cha kutoachana. Halafu anatoa jitu shimoni, jitu lisilo na habari nao. Lingeweza kumla mtoto yeyote wa mtaa wowote. Watoto wanalishinda kwa kushikamana, kitabu kinaisha, na baada ya wiki sikumbuki hata jina la mmoja wao.

Ninachomdai mwandishi ni kimoja: kitisho kitoke ndani ya urafiki wenyewe. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, walisema wahenga, na methali hiyo tumezoea kuitumia kama faraja. Katika riwaya za namna hii ndiyo inayotisha kuliko yote. Rafiki wa utotoni anajua ulilala na taa mpaka umri gani, anajua kwenu kulikuwaje milango ikishafungwa, anajua ulimsaliti nani na kwa bei gani. Ukubwani hutapata tena mtu wa kukujua hivyo. Sasa mpe mzuka ujuzi huo wote, umwite mtoto gizani kwa jina la utani ambalo watu watatu tu duniani walilijua. Hapo nitaacha kusoma usiku.

Ray Bradbury alilielewa jambo hili mapema. Katika Something Wicked This Way Comes, ya mwaka 1962, Will na Jim ni majirani na marafiki wa damu, wamezaliwa usiku mmoja, mmoja dakika moja kabla ya saa sita na mwenzake dakika moja baada yake. Tamasha la ajabu linaingia mjini likiwa na pembea la farasi wa mbao: likizunguka mbele linakuongezea miaka, likizunguka nyuma linakupunguzia. Wageni wale wanatisha, ndiyo. Lakini kinachomkaba Will koo ni kwamba Jim anatamani kulipanda. Jim ana haraka ya kukua. Rafiki yako akikua kabla yako, amekwenda, hata kama bado analala nyumba ya pili. Sijui mtoto asiyewahi kuionja hofu hiyo, na Bradbury hakuhitaji kuieleza. Alituonyesha pembea tu.

Kitabu ninachokirudia zaidi, hata hivyo, ni Doll Bones cha Holly Black, kilichotoka mwaka 2013. Zach, Poppy na Alice wana miaka 12, na kwa muda mrefu wamekuwa wakitunga kwa masesere yao hadithi moja isiyokwisha, yenye maharamia na malkia. Baba yake Zach anaona mwanawe amekua mno kwa michezo hiyo, anayatupa masesere yote. Kijana anaumia kiasi cha kushindwa kusema. Anawaambia wenzake kwamba hataki kucheza tena, basi. Uongo mmoja, uliotokana na aibu, na urafiki unapasuka. Ndipo Poppy anapokuja na habari za mdoli wa kauri aliyetengenezwa kwa mifupa ya msichana, na mzuka unaoomba kuzikwa.

Angalia ufundi uliopo hapo. Msomaji hajui kama mzuka upo, au kama Poppy ameubuni ili mchezo usife. Yote mawili yanatisha, na la pili linauma zaidi. Watoto wanasafiri kwenda kumzika mdoli, na kila hatua unahisi kwamba wanachokwenda kuzika ni kingine. Black hasemi. Laiti waandishi wengi wangekuwa na subira hiyo! Wengi huona lazima mhusika mmoja, ukurasa wa mwisho, atuhubirie kwamba utoto umekwisha.

Stephen King naye, katika It ya mwaka 1986, aligundua jambo ambalo waigaji wake wengi wameliacha. Watu wanakumbuka jini lenye sura ya mchekeshaji wa sarakasi. Mimi nakumbuka usahaulifu. Watoto saba wanapambana nalo mwaka 1958; wanaohama mji wanafanikiwa maishani na kusahau kila kitu, pamoja na kusahauliana. Mmoja, Mike, amebaki, na kwa kuwa amebaki anakumbuka. Miaka 27 baadaye anawapigia simu. Kisha, wakishashinda, usahaulifu unaanza upya. Hawakugombana. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Wanapoteana tu, kama watu wote wanavyopoteana, na hilo halina dawa.

Kuhusu kaseti na baiskeli, sina ugomvi nazo zikiwa na kazi. Katika My Best Friend's Exorcism, ya mwaka 2016, Grady Hendrix amejaza vitu vya miaka ya 1980 kila kona, na kwa muda nilidhani ni mapambo. La, ni akiba. Inapofika saa ya kumpunga pepo Gretchen, maneno matakatifu yanashindwa, na kinachobaki mkononi mwa rafiki yake Abby ni nyimbo, utani na vitu vidogo walivyovipenda pamoja. Kile kilichoonekana upuuzi kinakuwa dua. Nililia, wala sioni haya kusema.

Wengine wanairudisha hadithi nyuma kwa sababu moja: simu ya mkononi inaua kitisho. Mtoto akiweza kupiga simu, hadithi imekwisha. Naielewa shida hiyo, ila naona wanajinyima. Msomaji wa miaka 16 hana kumbukumbu ya mwaka 1988. Ni utoto wa wazazi wake, na pengine ni utoto wa mwandishi. Utoto anaoutamani yeye ni wa miaka mitano iliyopita. Ana kundi la simu la watoto sita lililokuwa likilia usiku kucha, sasa limenyamaza, hakuna aliyetoka, hakuna anayeandika. Ana picha za mtu ambaye leo wakipishana koridoni wanaangalia chini. Huyo ni mtu mwenye maombolezo, na watu wazima humcheka kwamba bado mdogo, amepoteza nini? Riwaya ya kutisha ndiyo inayoweza kumheshimu, kwa sababu inakubali kwamba kilichokufa kinaweza kurudi na madai. Ujumbe mmoja kwenye kundi lile lililolala, saa nane usiku, kutoka kwa yule waliyemfukuza. Nipeni riwaya hiyo, sihitaji jitu la shimoni.

Na msiwapatanishe wote mwishoni, tafadhali. Kuna urafiki unaookoa maisha ya mtu na bado hauishi mpaka kidato kinachofuata. Vijana wanalijua hilo.

Anayetaka kumpa mtoto wa miaka 11 au 12 kitabu cha kuanzia, ampe Doll Bones. Bradbury anahitaji subira kidogo kwa sababu ya lugha yake nzito, labda miaka 14. Hendrix ni wa vijana waliokomaa. It ni riwaya ya watu wazima, ina ukatili na mambo ya kimwili yasiyomfaa mtoto. Wengi huwanunulia watoto wao kwa kuona tu kwamba wahusika wake ni watoto.